Kamba ya Mafundo Matatu

Mikindani, 14 Januari 2025

Mdogo wangu Nyamvula,

Salamu zikufikie hapo Bamba, wewe na shemeji Nguma, na mavyaa wako pale kitandani, Mungu amtie nguvu. Sisi huku ni wazima. Wifi yako Roseline mguu wake umepona, amerudi kwenye karai lake la viazi. Mimi ndiyo usiseme. Juzi pale bandarini Kipevu kontena la futi arobaini lilibaki likining'inia kwa kulabu moja. Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Nikasimama peke yangu, nikainua mikono miwili, na dereva wa kreni kule juu akalishusha taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Nahodha, Mgiriki, akashuka melini akanibusu mkono wa kulia. Sikuunawa siku mbili.

Sasa jambo lenyewe. Binti yako nimemfikisha chuoni Changamwe, kile cha ufundi cha viziwi. Niliingia ofisini na suruali yangu ya kijivu, nikakaa kabla sijaambiwa kaa. Mwalimu mkuu ni mama wa bara, anaitwa Pascalia. Akamuuliza Judy kwa mikono anataka kusomea nini. Nikamwambia, mama, usijichoshe, sisi wazazi tumeshaamua: cherehani. Akaniangalia, akaandika.

Lakini nakwambia, watu wale nimewatazama kwa jicho la pembeni. Mbona karo yao ni ndogo hivyo? Mbona viti na magauni wanayotengeneza watoto yamepangwa nje kama duka? Nani anakula hapo? Nimeamua kupita pale kila siku nichungulie. Hawanijui.

Simu usinipigie. Ina ugonjwa, na tena simu za siku hizi zina masikio ya watu. Andika, umpe Mwanasaumu wa mkaa. Kila wiki mbili analeta magunia hapa sokoni. Maneno ya karatasi hayakatiki njiani.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Kai Thoya, Mkuu wa Ishara, Kipevu


Bamba, 6 Februari 2025

Kaka Kai, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mavyaa ni yule yule, namgeuza asubuhi na jioni, siwezi kumwacha hata kwenda sokoni. Mvua hakuna. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja pacha. Nguma yuko machimboni, anakohoa vumbi.

Kaka, nimefurahi mtoto amefika. Lakini nina maswali. Simu yako ina ugonjwa gani ambao Roseline akiipokea inapona? Kila nikipiga ananiambia umetoka. Unatoka sana. Na Judy mbona haandiki? Alipotoka shule ya msingi alikuwa ananiandikia mpaka kwenye vipande vya mifuko ya unga. Amekosa kalamu Mombasa nzima?

Wewe unajua kwa nini nilisema cherehani. Unamkumbuka yule binti wa jirani yetu wa kisimani, naye hasikii. Alipatikana na mimba, na mpaka leo hakuna aliyeulizwa, maana hakuna aliyemsikia. Mtoto asiyeweza kupiga ukemi watu wakaja simweki mahali penye wanaume. Namtaka akae ndani, na wanawake wenzake, na sindano yake. Nguma naye hataki hata hiyo. Anasema kumsomesha kiziwi ni kumwagilia mawe, na amenipa mwaka huu mmoja tu, tena kwa ugomvi.

Kwa hiyo nataka nione kwa macho yangu. Nimekuwekea ndani ya bahasha kamba yenye mafundo matatu. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni kifua changu, kutoka hapo hadi la pili ni kiuno, na kutoka la pili hadi la tatu ni urefu wa gauni. Mpe Judy. Anishonee gauni la Pasaka. Nikilivaa, Nguma atanyamaza.

Mdogo wako,
Nyamvula


Mikindani, 20 Machi 2025

Mdogo wangu Nyamvula, marahaba.

Usinune kwa kuchelewa. Karatasi nilikuwa nayo, nafasi ndiyo sikuwa nayo. Hapa kuna joto la kuivisha yai juu ya bati. Hao mbuzi pacha, mmoja andika jina langu.

Umeuliza juu ya Judy. Judy ni wa kwanza. Mwalimu mwenyewe alinishika bega akasema, mzee Kai, mtoto huyu ana mkono. Hatetemeki. Akiweka kitu na kitu pamoja haviachani tena, hata uvute na trekta. Nimejaribu kuvuta mimi, na unanijua, mimi ndiye niliyevuta kamba ya meli Kilindini wenzangu sita walipochoka. Haikuachana.

Anaandika kidogo siku hizi kwa sababu anachoka. Kamba yako nimempa. Ameitazama, ameikunja, ameiweka mfukoni. Gauni litakuja, cherehani zao ni chache, wanapokezana.

Mimi kazini wamenipa zamu nyepesi. Wakubwa walisema, Kai, umetutumikia vya kutosha, pumzika kidogo. Basi nafasi ya kuwachungulia wale walimu ninayo. Mmoja anaitwa Luqman. Kiziwi kama wanafunzi wake, ana ndevu, hacheki. Nilimwuliza Pascalia, huyu anafundisha vipi naye hasikii? Akanijibu kwa kuniandikia kwenye kikaratasi: "Anafundisha kwa kuonyesha." Angalia dharau hiyo.

Nimekutia picha ya Judy, wamepiga wenyewe kwa ajili ya kitambulisho cha chuo. Amenenepa, si kweli?

Kaka yako,
Kai Thoya, Mkuu wa Ishara


Bamba, 9 Aprili 2025

Kaka, shikamoo.

Salamu fupi, maana moyo wangu si mzuri.

Picha nimeipata. Uso ni wa mwanangu. Mikono si ile niliyompa nilipomzaa. Nimeipeleka dirishani, nimeipeleka nje, nimemwonyesha hata mavyaa ambaye haoni vizuri, akasema, "Huyu ameungua." Alama ndogo ndogo, mikono yote miwili, kutoka kiganjani hadi kiwiko. Kaka, ni mafuta hayo. Roseline anamkalisha mwanangu kwenye karai la viazi. Chuo ni cha mdomo tu, sivyo? Umenichukulia mtoto umempa mkeo kijakazi asiyeweza kulalamika.

Mwanasaumu naye amesema amemkuta njiani jioni na masizi usoni. Nikamwuliza masizi ya nini, akasema yeye hauzi maneno, anauza mkaa.

Na nitakwambia la simu. Tarehe mbili ulipokea mwenyewe, ukasahau kumpa mkeo. Nikakwambia Nguma ameanguka machimboni ameumia mguu. Ukajibu, "Asante, asante, nao wanakusalimia," ukakata. Kaka, mume wangu yuko chini na mguu umevimba, wewe unasema asante? Una nini hata unaikimbia sauti yangu?

Nataka gauni. Likiwa halijaja kabla ya Pasaka, nakuja.

Nyamvula


Mikindani, 17 Aprili 2025

Mdogo wangu Nyamvula, marahaba.

Pole kwa shemeji. Siku ile mtandao ulikuwa mbaya, upepo wa bahari unakula maneno.

Roseline amelia kwa barua yako. Judy hajawahi kugusa lile karai, muulize yeyote hapa Mikindani. Hizo alama ni mbu. Mbu wa huku si kama wa Bamba, wamekunywa maji ya bandari. Mmoja niliwahi kumpiga kwa kandambili, kandambili ikapasuka.

Gauni hili hapa. Judy ameshona kwa mikono yake siku nne mfululizo. Uvae Jumapili, uende nalo kanisani, uwaambie hii ni kazi ya mwanangu.

Kai


Bamba, 11 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo nakupa kwa sababu ya mama aliyetuzaa.

Gauni nililivaa. Halikupita kifuani. Kamba nilifunga mwenyewe, mafundo nayajua, na Judy tangu akiwa mdogo hakosei kipimo. Ndiye aliyekuwa akinikatia makuti sawasawa bila kupimiwa. Nikaligeuza ndani nje. Shingoni pamebaki uzi wa kibandiko kilichokatwa kwa wembe. Nikalinusa. Kaka, mimi nimeuza mitumba miaka mitatu kabla sijaolewa. Harufu ya robota haitoki kwa kuanikwa mara moja.

Sikulia. Nililikunja nikalirudisha ndani ya mfuko.

Nguma alikuwa ananitazama. Akasema, "Sasa umeona?" Kuna mgane wa Vitengeni, amekuja mara mbili. Ana watoto wanne na mashamba. Anasema mke asiyesikia ni baraka, hawezi kumjibu. Nguma alicheka. Mimi sikucheka. Lakini nikifikiri mwanangu anaungua kwa mkeo bila kujifunza chochote, basi najiuliza kipi kibaya zaidi.

Wifi yangu, dada yake Nguma, atakuja kumshika mavyaa mwisho wa Juni. Nakuja kumchukua Judy. Wewe usiniandikie hadithi. Niandikie neno moja la kweli kabla sijafika, nijue kama bado nina kaka.

Nyamvula


Mikindani, 25 Mei 2025

Nyamvula, mdogo wangu, mtoto wa mama,

Leo sina kontena wala nahodha.

Judy hashoni. Anachomelea vyuma. Hizo alama ni cheche.

Ilikuwa hivi. Siku ile ofisini aliulizwa yeye, nikajibu mimi. Kwetu ndivyo tulivyozoea, mtu asiyesikia unamjibia, hata chai unamwambia mwenyeji, huyu hanywi ya maziwa. Akakalishwa kwenye cherehani. Wiki ya pili nikaitwa. Pascalia akaniandikia kwamba kila wakigeuka mtoto hayupo, wanamkuta karakana ya vyuma amesimama mlangoni. Wamrudishe mara ngapi?

Nikaenda na fimbo. Nilijua ni hao walimu, wanataka kumtia kwenye kazi za kiume wauze mageti zaidi. Nikaingia karakana. Wavulana kumi na mmoja, yule Luqman mwenye ndevu, na mwanao ameshika rodi ya kuchomelea, ngao usoni. Grinda inakata chuma, cheche zinaruka mpaka darini. Na mle ndani, Nyamvula, watu wote wanaongea. Kwa mikono. Wanataniana, wanagombana, wanaulizana saa. Hakuna aliyemwambia mwenzake, "Ati? Umesemaje?" Niliweka fimbo chini, nikakaa kwenye ndoo. Nikapumzika. Sikuwa nimepumzika hivyo siku nyingi.

Ndipo Luqman akanionyesha kiti ambacho Judy alikuwa amekiunga. Nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Hilo la kutoachana sikukudanganya.

Najua unachokiogopa. Nami nilikiogopa, kwa hiyo tangu Februari nakaa mle kila siku, mpaka wamenipa fagio. Sikiliza kilichotokea mwezi wa tatu. Mvulana mmoja alimvuta mkono, mzaha au si mzaha, sijui. Judy hakukimbia. Alichukua nyundo kubwa, akaipiga ile meza ya chuma mara tatu. Sakafu ikatetemeka. Mimi niliisikia kwenye nyayo. Viziwi wote kwenye karakana wakageuka kwa pamoja, na waliokuwa nje wakaingia. Yule mvulana alitamani ardhi immeze. Siku hiyo hiyo Luqman akamfukuza wiki mbili. Kwa hiyo ukemi anao, mdogo wangu. Ila anaupiga kwa nyundo.

Nilikudanganya kwa sababu ulisema cherehani, nikaona nikikwambia ukweli utamwondoa. Gauni nililinunua kwenye mitumba ya Kongowea. Na kuna baya zaidi. Judy alikuandikia barua mbili, anasema kila kitu amekieleza humo. Nilimwambia nimezituma. Zilikuwa chini ya godoro langu. Nimezitia humu, hazijafunguliwa.

Mtihani wa vitendo ni Novemba. Akiondoka sasa anaondoka bila cheti. Mwache afike Novemba. Baada ya hapo unichape.

Kaka yako, kama bado,
Kai


Bamba, 2 Julai 2025

Kaka Kai, shikamoo.

Nimefika salama. Mavyaa alinikasirikia siku nzima, wifi alimpikia uji mzito. Nguma ameanza kukanyaga kwa mguu ule.

Ulishangaa kuniona Jumatatu wakati nilimtuma Mwanasaumu akwambie Jumamosi. Nilitaka kukufumania. Barua zako za mwaka huu zimenifundisha hivyo, na hata ile ya mwisho niliisoma kama noti inayotiliwa shaka, nikiishika juani.

Nilisimama kwenye mlango wa karakana kabla hamjaniona. Ulikuwa umenipa mgongo, unafagia. Hakukuwa na mashine iliyowaka, walikuwa wamepumzika. Nikakuita. "Kaka Kai!" Nikaita tena. Mara ya tatu nilipiga ukemi, mpaka mama mmoja akatoka ofisini. Wewe ukaendelea kufagia. Ndipo Judy, ngao yake mkononi, akainua uso, akaniona. Hakuja mbio. Alichukua nyundo akaigonga meza mara moja, ukageuka.

Kisha ukanikumbatia, ukaanza kunipa habari za Mgiriki. Sikukuuliza mbele ya mtoto. Wala sikuulizi sasa. Nimekumbuka tu ile "asante, asante" yako, na hiyo simu yenye ugonjwa, na hizo zamu nyepesi. Nilikuwa nakutuhumu kwa mambo mengi, hilo halikuwamo.

Barua za Judy nilizisoma kabla sijaja. Ya kwanza ina mstari mmoja: "Mjomba amesema cherehani. Mimi sikuulizwa." Nimeusoma mara nyingi. Mimi pia sikumwuliza.

Nguma nimemwambia niliyoyaona. Baadaye nikamwona ameinama kwenye mlango wetu wa mbele, ule wa mbao ulioliwa na mchwa, anausukuma kwa kidole. Ukasukumika. Akasema yule wa Vitengeni akija tena, yeye Nguma hayupo.

Nimekutia kamba nyingine. Mafundo matatu: upana wa mlango wetu, urefu wake, na mahali pa komeo. Mpe Judy mwenyewe mkononi. Usimjibie.

Nyamvula


Mikindani, 19 Julai 2025

Mdogo wangu Nyamvula, marahaba.

Hujaniuliza, nakujibu. Hili sijamwandikia mtu.

Ni tangu Agosti mwaka juzi. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likalifuata. Miaka ishirini na mbili chini ya kreni, na kuziba masikio tuliona ni mambo ya wageni. Foromani aliniita niondoke chini ya mzigo, sikusikia. Kontena lilipita karibu na kofia yangu. Hapakuwa na nahodha aliyebusu mtu. Waliniambia nisirudi. Roseline anajua. Judy alijua kabla ya Roseline, wiki ya kwanza tu alipofika. Alinitazama nikimjibu mtu ambaye hakuwa ameniuliza kitu, akacheka, akanishika vidole akaanza kunifundisha herufi. Ile zamu yangu nyepesi ndiyo hilo fagio la karakana.

Lakini kabla ya hapo, Nyamvula, haki ya Mungu, nilikuwa naisikia meli ikipiga honi ikiwa bado Bara Hindi. Hilo niachie.

Kamba nimempa mkononi. Nimekaa kando, sikusema neno. Ameivuta, ameitazama, ameivuta tena. Kisha ameomba hii karatasi. Chini hapa ni mkono wake.

Kai Thoya

*Mama. Kamba inavutika, siiamini. Ndiyo maana gauni lingenishinda hata kama ningekuwa fundi wa nguo. Mlango haupimwi hivi. Usimwite fundi mwingine. Mtihani ukiisha nakuja na tepu ya chuma, nipime mwenyewe. Judy.*